Mke Minnesota, Mume Dakota

Mliokuwa nami juma lililopita mnajua niliishia wapi: ofisini, uso kwa uso na yule mama mwanasheria wa kodi, ananionyesha picha yangu mwenyewe nimevaa aproni.

Kwa aliyejiunga leo nitasema kwa kifupi. Naitwa Arvid Skaalen. Kazi yangu maisha yote ilikuwa kufunga na kutengeneza mashine za kupasha nyumba joto, huko kusini-magharibi mwa Minnesota. Mchana nilikuwa chini ya nyumba za watu, usiku nilikuwa darasani, mpaka nikapata leseni ya juu kabisa ya kazi yangu. Sikupewa na mtu.

Mwaka huu nikauza karakana. Minnesota hutoza kodi ya mapato, na kwa mauzo kama yale wangemega pande kubwa. Dakota Kusini, nusu saa tu kwa gari kutoka mlangoni kwangu, hawamtozi mtu kodi ya mapato hata senti.

Shemeji yangu Gaylen, mdogo wake mke wangu, ndiye aliyenifungua macho. "Shemeji, hamia huku kwetu kabla hujatia sahihi," akasema. Nikahamia. Nikapanga vyumba viwili mjini Sioux Falls, juu ya duka la dobi. Nikabadilisha leseni ya gari, daktari na kinyozi. Hata mbwa nikamhamisha.

Mke wangu Verdelle hakuhama.

"Nimebatizwa hapa na mama yangu nimemzika hapa," aliniambia. "Wewe nenda kaishi na pesa zako. Ukinikumbuka, njia unaijua."

Njia niliijua. Tatizo lilikuwa sheria. Ukiwa na nyumba Minnesota, na ukakanyaga huko zaidi ya nusu ya mwaka, wewe ni wao, hata ukiwa na leseni kumi za Dakota. Na kukanyaga si lazima ulale. Ukivuka ukanywa kikombe cha kahawa ukarudi, hiyo ni siku nzima. Nilizitumia siku zangu kwa kubania, kama mtu aliyebakiwa na unga kidogo gunia zima limekwisha.

Kisha nikaharibu mwenyewe. Mwezi wa kumi kanisa letu lina karamu ya samaki wa magadi, yule mkavu anayelainishwa kwa maji ya magadi kabla ya kuchemshwa, na kwa miaka na miaka mchemshaji ni mimi. Samaki yule ukimzidishia moto kidogo anakuwa uji. Sikuweza kumwachia mtu mwingine. Nikaenda siku kadhaa, kuloweka, kusuuza, kuchemsha, wala sikuzitia hesabuni, kwa sababu moyoni niliona hiyo ni ibada. Kanisa likaniweka kwenye mtandao wake, aproni na mwiko na tabasamu.

"Kama mimi nimeiona, na wao wataiona," alisema yule mwanasheria. Akahesabu upya mbele yangu. "Umefika ukingoni, Mzee Skaalen. Siku moja zaidi kabla ya mwaka kwisha, na sitakuwa na la kukutetea."

Nikaapa sitavuka tena hadi Mwaka Mpya.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta Jumanne asubuhi.

Simu ililia nikiwa nampa mbwa chakula. Alikuwa Ardis, jirani yetu wa Minnesota.

"Arvid, upo?"

"Nipo. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Upepo tu huku, na theluji."

Ardis namjua. Hata nyumba yake ikishika moto ataanza na hali ya hewa. Nikasubiri.

"Nilipita kwa Verdelle asubuhi kumwachia mkate," akasema. "Mashine yenu ya joto imezima. Tangu jana mchana."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia ufanye nini, Arvid? Ungekuja?"

Nikauliza, "Amewaita wale walionunua karakana?"

"Hataki kuwaona. Anasema walibandika karatasi yao juu ya jina lako pale kwenye mashine, na yeye hawezi kumlipa mtu aliyekufuta."

Nikatazama dirishani. Theluji ilikuwa haianguki tena, inakwenda ubavu. Mimi niliyepasha joto wilaya nzima, shule, makanisa, mazizi ya nguruwe, nyumba yangu mwenyewe imepoa.

Nikampigia Verdelle.

"Haloo, Bwana Dakota," akapokea.

"Verdelle, mashine imefanyaje?"

"Imenyamaza. Imejifunza kwako."

"Chukua tochi ushuke chini, nikuelekeze. Fungua kifuniko cha mbele. Kuna kitaa kidogo pale ndani, niambie kinawaka rangi gani."

"Sishuki. Magoti yananiuma."

"Basi umekaaje na baridi yote hiyo?"

"Si vibaya." Kwetu mtu hata akikatwa mguu husema si vibaya. "Nimefunga mlango wa jikoni, chini nimeziba kwa taulo. Nimewasha oveni, mlango wake nimeuacha wazi. Na nimevaa koti lako la kuwindia. Ndilo pekee ulilosahau."

Nikasimama.

"Oveni imewaka tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Nimelala hapa hapa kwenye kiti. Kichwa tu kinaniuma, na nina usingizi kama mtoto mchanga."

Oveni yetu ni ya gesi. Moto wa gesi ndani ya chumba kilichozibwa hula hewa nzuri na kutoa hewa ya sumu. Haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa, inakuja na usingizi, na katika usingizi huo wengi hawaamki. Nimewahi kuingia nyumba mbili za namna hiyo kwa sababu ya kazi yangu, na sitaki kuwasimulia nilichokikuta.

"Verdelle, nisikilize. Zima oveni. Fungua mlango utoke nje sasa hivi."

"Nje? Unajua nje kukoje?"

"Kaa kwenye gari! Nenda bandani! Popote, toka tu humo!"

"Arvid," akasema taratibu, ulimi mzito kama wa mlevi, na Verdelle hajaonja pombe maishani mwake. "Mtu akitaka kuniamuru jikoni kwangu, aje aniamuru akiwa jikoni."

Akakata.

Nikapiga tena, ikalia weee mpaka ikakatika. Nikarudia, na hivyo hivyo.

Nikajipa moyo: kuna king'ora. Jikoni kwetu nilifunga king'ora cha hewa ya sumu kwa mikono yangu mwenyewe, kikinusa tu kinapiga kelele za kufufua maiti. Mbona basi sikukisikia kwenye simu?

Nikainua macho. King'ora kilikuwa mbele yangu, ukutani, Sioux Falls, juu ya bakuli la mbwa, kitaa chake cha kijani kinapepesa. Nilikibandua mwenyewe, nikaja nacho pamoja na vitu vyangu vingine, ili wakija kukagua wakute hapa anaishi mtu kweli.

Mlango ukafunguliwa. Gaylen, na kahawa mbili na mfuko wa donati, kama kila Jumanne.

"Shemeji, una nini? Umekuwa mweupe."

"Dada yako anakufa," nikasema, huku napiga simu ya dharura.

Mwanamke akapokea. "Dharura yako iko wapi, bwana?"

"Nyumbani kwangu!"

"Nyumbani kwako ni wapi?"

Nikamtajia. Barabara ya kokoto, nyumba nyeupe ya mbao, ghala jekundu lisilo na paa upande mmoja. Vidole vyake vikasikika vinaandika, kisha vikasita.

"Hiyo ni Minnesota, bwana. Subiri, nakuunganisha na wa kwao."

Nikasubiri. Gaylen aliniangalia.

"Simu zile zinarekodiwa," akasema kwa sauti ndogo. "Umesema nyumbani kwako."

"Nimesema."

Wa Minnesota wakapokea, nikaeleza, wakasema zima moto wa kujitolea wanatoka. Nikampigia Ardis. Alikuwa mjini kwao, kwa daktari wa meno, ndiko alikonipigia mara ya kwanza, na sasa nusu ya mdomo imekufa ganzi. Sikuelewa alichonijibu, lakini nilisikia anakimbia.

Nikavuta buti zangu. Gaylen akasimama mlangoni.

"Hebu kaa, shemeji. Umeshawaita. Watafika kabla yako."

"Nipishe."

"Ukivuka leo umetupa jasho la maisha yako yote kwenye shimo. Na kwa faida gani? Wao wana oksijeni. Wewe utamfikia na nini, bisibisi?"

"Ni dada yako yule!"

"Unanikumbusha mimi? Mimi ndiye nimenyonya naye ziwa moja! Nataka apone, na nataka akipona akute mna kitu cha kula!"

Sikubishana. Nilimwonyesha ukuta. "Unakiona hicho? Kilikuwa jikoni kwake."

Gaylen akakitazama kile king'ora. Akakitazama tena. Akaweka kahawa chini, polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Twende na gari langu," akasema. "Lina matairi ya theluji."

Barabara kuu ilikuwa inafungwa. Polisi alikuwa ameshateremsha boriti, amesimama mbele yake na kofia hadi machoni.

"Imefungwa, wazee. Rudini mkanywe kahawa."

"Mke wangu yuko ng'ambo," nikasema.

"Na wangu pia, mzee. Imefungwa."

Gaylen akageuza, akachukua njia za mashambani. Alama tuliyoifuata ilikuwa nguzo za uzio tu, mara zinaonekana, mara hazionekani. Nilikuwa nashikilia simu kama mtu aliyeshikilia kamba ya kisima.

"Jilaze kiti cha nyuma," Gaylen akasema. "Labda sheria haimhesabu aliyelala."

Alikuwa anajaribu kunichekesha.

Tulipokaribia mpaka, simu ikalia. Ardis.

"Wamemtoa!" Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo. "Wamemtoa, Arvid. Yuko kwenye gari la wagonjwa."

"Mzima?"

"Anapumua. Ameniuliza kama nimezima oveni, nisije nikaunguza sufuria."

Niliegemea kiti. Machozi yakanitoka, na mimi si mtu wa machozi.

Gaylen akapunguza mwendo, kisha akasimamisha kabisa. Mpaka wetu hauna lango wala askari. Kuna kibao kimoja, na baada ya hapo kokoto zinabadilika rangi. Kibao kilikuwa pale mbele, kimefunikwa nusu.

"Bado hujavuka," akasema.

Nilijua anakokwenda.

"Anapumua, shemeji. Umesikia. Kuna nyumba ya mkulima hapo nyuma, upande wetu. Nikushushe, ukae kwenye joto, niende mimi. Nimpe salamu zako. Hakuna utakachobadilisha ukifika."

Sasa nitasema jambo ambalo ningeweza kuliruka, maana Gaylen hawezi kunisaliti na hakukuwa na mtu mwingine garini. Nilipaswa kumjibu papo hapo. Sikumjibu. Nilikaa kimya, mke wa ujana wangu yuko kwenye machela, nikawaza karakana, nikamwaza yule mwanasheria na kidole chake, nikaikumbuka miaka ya shule ya usiku niliyokuwa nasinzia juu ya kitabu. Nilikaa kimya mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi zetu.

"Kanyaga," nikasema mwishoni.

"Una hakika?"

"Kanyaga kabla sijawa na hakika ya jingine!"

Tukaikuta nyumba milango yote wazi, theluji inaingia hadi sebuleni. Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama uani, kichwa kikitazama barabarani. Vijana wa zima moto, ambao wawili wao niliwafundisha kazi, wakanipisha. Mmoja alivua kofia. Sikupenda alivyovua kofia.

Verdelle alikuwa kwenye machela ndani ya gari, maski ya oksijeni usoni, koti langu la kuwindia limekatwa mkono mmoja ili wampige sindano. Alikuwa mdogo. Sijui alianza lini kuwa mdogo hivyo.

Akafungua macho.

"Umekuja," akasema chini ya maski.

"Nimekuja."

"Na leo inahesabiwa?"

"Inahesabiwa."

Akacheka. Kicheko chenyewe kikageuka kikohozi, lakini alicheka, na kwa muda ule nilidhani tumefika pwani.

Mhudumu, mwanamke mnene mwenye sauti ya ualimu, akanivuta kando kidogo.

"Mzee, sumu inatoka, lakini moyo wake unaruka mapigo. Siupendi. Nataka kumpeleka Sioux Falls. Kule wana madaktari wa moyo."

"Sioux Falls ni wapi?" Verdelle akauliza, ingawa anapajua kama kiganja chake. "Dakota? Siendi."

"Mama, ni kwa ajili ya—"

"Nipelekeni mjini kwetu. Nilijifungua pale, wananijua."

"Verdelle, nakuomba," nikasema.

Akasogeza maski kwa kidole. "Nikivuka mimi, Arvid, wewe hutakuwa na sababu ya kurudi tena. Nitalazwa kule wiki, halafu Gaylen atanitafutia chumba karibu na hospitali, halafu mtasema nyumba hii ni kubwa kwa wazee, iuzwe. Mimi si mjinga. Nina sumu kichwani tu."

"Narudi nyumbani. Leo hii. Kesho naenda kwa mwanasheria, nafuta kila kitu."

"Ulisema hivyo Pasaka."

"Safari hii ni kweli."

"Na siku ya samaki ulisema hivyo. Ulikuwa umeshika mwiko." Akafumba macho. "Sikuamini, mzee wangu. Nakupenda, lakini sikuamini."

Mhudumu akarudisha maski. "Mama Skaalen? Mama Skaalen, nisikie. Nibane kidole."

Hakubana. Mashine iliyokuwa inalia kwa mpangilio ikaanza kulia ovyo ovyo.

Gaylen alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaninong'oneza, na naamini kabisa alinuia mema:

"Siku moja ya ajali mwanasheria anaweza kujaribu kuitetea, shemeji. Moja tu. Akilazwa huku, utakuja kesho, utakuja keshokutwa, hizo hakuna wa kuzitetea. Akilazwa Sioux Falls, huna haja ya kuvuka tena."

Ningetoa pesa zote za karakana ili nisiyasikie maneno yale. Lakini niliyasikia. Na Ardis, aliyekuwa ameshika mlango wa gari, naye aliyasikia.

Mhudumu akanigeukia. "Mzee, alipokuwa na akili zake amekataa, nimemsikia kwa masikio yangu. Sasa hawezi kusema. Wewe ndiye mumewe. Hospitali ya hapa iko karibu, lakini watampa hewa hii hii ninayompa mimi, na basi. Sioux Falls ni mbali kwa theluji hii, na njia zinazidi kufungwa. Niambie tunakwenda wapi."

"Angekuwa mama yako, je?"

"Si mama yangu. Niambie."

Ardis akanishika mkono wa koti. Nusu ya mdomo wake bado ilikuwa imelala, ikabidi aliseme kila neno kwa shida.

"Ukimpeleka Dakota, Arvid, ni kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

"Kwa ajili ya moyo wake!"

"Sawa," akasema. "Nimeuliza tu."

Akaachia mlango, akarudi nyuma, asiniangalie. Wale vijana wa zima moto nao wakawa wanaangalia buti zao. Kwetu watu hawasemi. Lakini niliwaona wanalipima lile swali, kila mtu kivyake, na sikuwa na haki ya kuwakasirikia, maana na mimi nilikuwa nalipima.

Nikapanda ndani, nikakaa kwenye kiti kidogo kando ya machela. Nikaushika mkono wake. Ulikuwa baridi, na mlegevu kama glavu.

Gari likateremka hadi kwenye mdomo wa uwanja wetu, likasimama barabarani. Kushoto ni mjini kwetu, na mnara wa kanisa ambao siku nyingine ungeuona. Kulia ni Dakota. Dereva hakugeuka. Aliuliza tu kupitia kidirisha:

"Kushoto au kulia, mzee?"

"Kulia," nikasema.

Matairi yakateleza, yakashika, tukakata kona.

Ndipo nilipohisi mkono wa Verdelle unachomoka kwenye wangu. Nikamtazama. Macho yalikuwa wazi, makavu, yananiangalia mimi na si mwingine; alikuwa amenisikia nikichagua Dakota. Mhudumu alikuwa ametupa mgongo, anahangaika na dawa. Vidole vya mke wangu vikapanda taratibu kifuani, vikafika kwenye maski ya oksijeni, vikaanza kuivua.